Bi Khairiya binti Husseini, Mwalimu wa Waliofunzana

Bismillahi Rrahmani Rrahimi.

Mabwana mlioketi barazani na mabibi mlioko ndani, assalaamu alaikum. Leo ni siku ya tatu tangu tumzike ndugu yetu, mama yetu na mwalimu wetu, Bi Khairiya binti Husseini bin Kamaludin, wa hapa Chundwa. Jamaa wameniambia, wewe Ridhwani ndiye kaka yake, nawe ndiye uliyebaki, tusomee machache juu ya maisha yake kabla hitima haijafungwa. Mimi kusema najua, lakini kusema kwangu huwa kama kutembea kwangu: natoka kwenda Mbwajumali, najikuta Siyu. Kwa hiyo nimeyaandika, ili karatasi inishike mkono. Nikipotea mtanirudisha.

Marehemu alizaliwa hapa Chundwa, katika nyumba ile ya nyuma ya msikiti ambayo sasa imebaki ukuta mmoja, siku ya Ashura, mwezi kumi Mfungo Nne, mwaka 1319. Hati aliyoandikiwa baadaye Lamu imeweka Aprili 1901, nami sina la kubishana nayo. Baba yetu, Bwana Husseini, alilima tumbaku, na bahari ikiwa shwari alitega uzio wa samaki. Mama yetu alikuwa Bi Kulthum. Tulizaliwa watano, tukaishi wawili, mimi na yeye, nami nikiwa mbele yake kwa miaka mitatu.

Chuo alikisomea kwa shangazi yetu, dada wa baba, aliyekuwa akifunza watoto ukumbini kwake. Lakini kusema kweli marehemu alianza kusoma kabla hajapelekwa chuoni, na kisa chake kilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi, na herufi moja ya kooni ilinishinda, ghaini. Ubao wa mtoto haukuoshwa mpaka darasa lake lishike, na wangu ulikaa mwezi mzima bila kuona maji. Shangazi alinisomea, nikamsomea vibaya, akapaza sauti, nami nikazidi kukauka. Khairiya alikuwa akiketi mlangoni akichambua mchele, miaka saba, hana habari na mtu.

Jioni moja alinivuta nyuma ya jiko. Akachukua kigae cha chungu na kipande cha kaa, akaichora ile herufi.

"Kaka, hii ndiyo iliyokushinda?"

"Wajuaje wewe?"

"Hata mimi ilinishinda hadi juzi. Usiiseme. Fanya kama wasukutua mai."

Nikasukutua bila maji. Ikatoka. Asubuhi nilisoma darasa lote, na shangazi akaweka kijiti chake chini.

"Nani kakufunza? Si mimi. Mimi nimekupigia kelele mwezi mzima."

"Khairiya."

"Na Khairiya kafunzwa na nani?"

"Nawe, shangazi. Ulipokuwa ukinipigia kelele mimi."

Shangazi alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Kuanzia siku hiyo marehemu aliketishwa chuoni, na kila alichokishika asubuhi aliambiwa akampe aliye nyuma yake chuoni alasiri. Alihitimu msahafu mwaka 1330, akiwa na miaka kumi na mmoja. Mimi nilitoka njiani, nikaenda kukata boriti bara, kisha nikauza mikeka na kamba, Mokowe, Witu, Kiunga, popote palipokuwa na mtu wa kuketi juu ya mkeka. Hayo si ya leo. Nayataja ili mjue kuwa miaka mingi ya marehemu niliisikia kwa watu kabla sijaiona kwa macho.

Mwezi wa Rajabu mwaka 1337, yaani Aprili 1919, aliolewa na Bwana Fadhil bin Bwanamkuu, mwashi. Walikaa pamoja miaka ishirini na minane, na sikusikia hata siku moja mmoja wao akimshtaki mwenzake kwa mtu. Bwana Fadhil alikuwa mtu wa maneno machache na mawe mengi. Baraza hii mliyoikalia aliijenga yeye, na alipoijenga watu walimcheka kwa upana wake. "Bwana Fadhil, wajenga baraza au gati?" Akawajibu: "Mke wangu hafunzi mtoto mmoja mmoja. Watoto wake huketi wawili wawili kama njiwa. Sasa njiwa nitawaweka wapi?" Mungu aliwajaalia watoto wawili, Amini na Kulthum. Bwana Fadhil alifariki mwezi wa Juni 1947, na chokaa ya ukuta huu wa mbele ilikuwa bado mbichi.

Shangazi yetu alipofariki, mwaka 1349, marehemu alikichukua chuo, akakihamishia hapa. Kazi yake ilikuwa hivi, na kila aliyepita hapa anaijua. Asubuhi alimpa mtoto darasa lake ubaoni, kwa wino wa masizi na kalamu ya utete. Alasiri yule mtoto aliketi na mwenzake aliye nyuma yake, goti kwa goti, akampa lile alilokwisha kulipita yeye. Na ubao wa mkubwa haukuoshwa kwa darasa jipya mpaka mdogo wake asome mbele ya mwalimu bila kusaidiwa. Sheria hiyo iliwaudhi wengi. Mtoto mwepesi alijikuta anangoja kwa sababu ya mtoto mzito, na mama zao walikuja mlangoni na maneno.

"Bi Khairiya, mwalimu ni wewe au ni hawa?"

Yeye aliwapa kahawa kwanza, kisha akawajibu. "Mama, mimi herufi hizi nazijua tangu mdogo. Nimesahau zilikuwa na ugumu wapi. Huyu kazijua yana. Ule ugumu angali nao ulimini, ataweza kumwonyesha mwenziwe ulipo."

Umulkheir, ambaye yuko ndani sasa hivi na wanawake wenzake, aliwahi kungoja siku kumi na tisa kwa sababu ya mdogo wake wa chuoni aitwaye Hindu. Akaja analia. Marehemu akamwambia: "Darasa lako unalijua, hulililii hilo. Unalilia la Hindu. Basi nenda mukalie pamoja." Wakaenda pwani wote wawili. Siku ya pili walirudi na kikapu cha simbi, makombe ya pwani, wamelipanga darasa lote mchangani, simbi moja kwa kila neno, na Hindu akasoma akizirukia kwa mguu mmoja. Ubao wa Umulkheir ukaoshwa siku hiyo hiyo. Mwalimu hakuuliza kwa nini watoto wake wote wiki ile walisoma kwa mguu mmoja.

Sasa nafika mahali ambapo naomba mnisikilize kwa utulivu, hasa nyinyi vijana ambao mlikuwa wadogo.

Jumatano, Desemba 10, 1952, siku kumi hivi baada ya Maulidi, marehemu alikuwa akimpa Umulkheir darasa la katikati ya Yasini, pale panapotajwa jua na mwezi. Umulkheir alikuwa na miaka kumi na minne. Sauti ya mwalimu ilikwaruza, ikasimama, ikarudi, akamaliza darasa. Alfajiri ya pili aliamka hana sauti. Alifungua kinywa kuitika salamu, ikatoka pumzi tupu.

Januari nilimpeleka Lamu. Mganga wa hospitali alimtazama kooni, akasema pana uvimbe, akampa dawa, akamwambia asiilazimishe sauti, huenda ikarudi na huenda isirudi. Tulipofika nyumbani alichukua ubao, akaandika: "Kesho chuo."

Na kweli kesho yake palikuwa na chuo. Mwalimu aliketi nyuma ya pazia lake na kijiti mkononi. Akigonga mara moja, rudia. Akigonga mara mbili, endelea. Yaliyobaki aliwaachia watoto. Umulkheir, aliyekuwa ameipokea Yasini kutoka kinywani mwake hadi darasa lile, na iliyobaki akaisoma msahafuni kwa kugongewa kijiti, alimpa Hindu. Hindu akampa Radhiya. Radhiya akampa Swafiya, ambaye hata meno ya mbele hakuwa nayo. Darasa lilishuka kutoka mtoto hadi mtoto, na mwalimu hakuweza kutia hata neno moja la sauti yake.

Bwana Famau hakuridhika, na leo yuko hapa, ameniruhusu niyaseme. Radhiya ni binti yake. Ijumaa moja baada ya sala alisimama papa hapa barazani.

"Jamaani, mimi sina ugomvi na Bi Khairiya. Mke wangu kafunzwa na yeye, na mke wangu asoma kuliko mimi. Lakini mwalimu ni sauti. Sauti haipo. Sasa mtoto afunzwa na mtoto aliyefunzwa na mtoto. Mimi nikitaka kujengewa nyumba namwita mwashi, simwiti mtu aliyemuona mwashi akipita ndiani."

Watu wakacheka, lakini walicheka huku wakitikisa vichwa vya kukubali.

"Tuwapeleke Mbwajumali," akasema. "Kuna mwalimu mwenye koo zima."

Mbwajumali si mbali kwa mtu aliyezoea njia. Lakini watoto walikuwa ishirini na watatu, na kumi na watano kati yao wasichana. Kila aliyekuwa barazani alijua, ingawa hakuna aliyelitamka, kuwa wavulana wanane wangekwenda Mbwajumali, na wasichana kumi na watano wangerudi jikoni, basi. Hilo ndilo lililokuwa linaamuliwa siku ile. Bwana Famau mwenyewe alilijua. Baadaye aliniambia alikuwa na nia ya kumpeleka Radhiya kwa punda kila asubuhi. Nikamwambia, wewe unaye punda.

Marehemu alikuwa nyuma ya mlango, amesikia yote. Ubao ukatoka chini ya pazia, nikausoma mbele ya watu: "Mleteni mtu awasikize. Akisema hawajui, nitafunga mwenyewe."

Wazee walimchagua Maalim Abdulhalim wa Siyu. Ni mtu aliyekwisha kuwa mkongwe hata wakati huo, macho yake yamefifia, lakini masikio yake yalisifika kisiwa kizima. Nilimfuata mimi mwenyewe na punda wa Bwana Famau. Yule punda alisimama mara mbili njiani akakataa kwenda, na mara zote mbili Maalim alinitaka nisimpige. "Mwache apumue. Mtu anayekwenda kufunga chuo cha watu hapaswi kuharakishwa." Maneno hayo yalinikata maini, nikajua tayari amekwisha kujazwa habari.

Ilikuwa Jumamosi, Mei 2, 1953, mwezi kumi na nane Shaabani. Baraza ilijaa. Wazazi wengine walisimama uani. Watoto walikaa safu mbele ya Maalim, na nyuma ya pazia mwalimu wao na kijiti chake. Maalim aliuliza ni sura gani waliyoipata bila sauti ya mwalimu. Akaambiwa Yasini.

"Aanze aliye mdogo kabisa."

Swafiya akasimama. Akasoma vizuri, sauti nyembamba kama uzi, mpaka akafika pale pa jua na mwezi. Akakohoa. Akaendelea.

"Mpeni mtoto mai," akasema Maalim. Akapewa kata, akanywa kwa adabu. "Rudia, mwanangu, kutoka juu kidogo."

Akarudia. Pale pale, akakohoa.

Maalim akamwambia aketi, akamwita Radhiya. Radhiya alisoma kwa haraka na kwa majivuno kidogo, kwa kuwa baba yake alikuwa akimtazama. Akafika pale pale. Akakohoa. Kata ya maji ikapita. Akaja Hindu, naye vile vile. Kufikia hapo akina mama walikuwa wameanza kunong'ona, na Bwana Famau alisimama.

"Maalim, nisamehe. Hapa pana kifaduro! Mtoto akimfunza mtoto huambukizana hata kikohozi!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeketi karibu na pazia, na nilisikia kijiti cha ndugu yangu kikianguka sakafuni. Kumbe hata yeye alikuwa akiwasikia wakikohoa tangu mwezi wa Februari. Alidhani ni mafua yaliyoingia mjini, na aliwaandikia mama zao ubaoni wawape watoto tangawizi. Watoto wa watu walinyweshwa tangawizi miezi mitatu, na kikohozi hakikuondoka.

Maalim alinyoosha mkono, kicheko kikakatika. Akamwita Swafiya karibu, goti kwa goti, kama wanavyoketi wao wenyewe.

"Wewe ni mgonjwa?"

"La, Maalim."

"Mbona wakohoa?"

"Ndivyo inavyosomwa."

"Nani kakwambia?"

"Radhiya."

"Na wewe Radhiya, umepokea kwa nani?"

"Kwa Hindu."

"Hindu?"

"Kwa Umulkheir."

Umulkheir alikuwa amekwisha kuinama. Maalim akamwuliza kwa upole, naye akajibu huku machozi yanamtoka.

"Kwa Mwalimu. Siku ya mwisho ya sauti yake. Alifika hapo akakohoa, kisha akaendelea. Mimi nilidhani ni mahali pa kukohoa. Kwani Mwalimu hatii kitu kisichokuwamo."

Maalim alipitisha vidole kwenye tasbihi yake. Kisha akamwambia Swafiya asome sura yote, tangu mwanzo hadi mwisho, peke yake, asiwe na haraka. Swafiya akasoma. Mahali pale akakohoa, kwa heshima, akasonga mbele hadi mwisho. Hakuna herufi iliyopotea, hakuna pumzi iliyokatwa pasipo mahali pake.

"Bwana Famau," akasema Maalim.

"Labeka."

"Sisi tuliokwenda kutafuta elimu, tukipewa neno huuliza, umelipokea kwa nani, naye kwa nani, mpaka lifike kwa mwenyewe. Tunaogopa lisije likaangusha kitu ndiani. Leo neno limepita katika vinywa vinne vya watoto, na hata kikohozi cha mwalimu wao hakikuanguka. Sasa nawe wataka waangalifu gani kuliko hawa?"

Bwana Famau aliketi. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwungwana, akasema mbele ya wote: "Basi hata mimi sina la zaidi. Ila hicho kikohozi, Maalim, kibaki?"

Hapo Maalim akacheka, kicheko cha mzee kisicho na meno. "La, kitoke. Hakimo. Lakini atakitoa nani?"

Ubao ukatoka chini ya pazia. Palikuwa na jina moja: "Swafiya."

Wakubwa wengine hawakuelewa. Mimi nilielewa, kwa sababu nilikumbuka kigae na kaa. Aliyekuwa wa mwisho kupokea ndiye aliyefanywa wa kwanza kurudisha. Swafiya alikwenda kwa Radhiya, akamfunza kupita mahali pale bila kukohoa. Radhiya alipopita salama mara saba, naye akaenda kwa Hindu. Hindu kwa Umulkheir. Walichukua siku tisa, na kikohozi kilikwisha siku mbili kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Kila jioni ya siku zile za mwanzo Swafiya aliingia nyumbani kwa Bwana Famau na juzuu yake kichwani, akamketisha Radhiya, ambaye ni mkubwa wake kwa miaka minne, akamkemea. Bwana Famau alikuwa akilala hapo ukumbini, wavu miguuni. Aliniambia mwenyewe: "Nilijilaza kuwasikiza kama wanakosea. Siku ya nne nikajikuta nasoma nao. Siku ya tano kile kitoto kikaniambia, Bwana, nawe rudia."

Wasichana wote kumi na watano walibaki chuoni. Mwaka uliofuata wakawa ishirini na mmoja. Sauti ya marehemu haikurudi, na baada ya muda tuliacha kuingoja. Wageni waliokuja hapa alasiri walisikia makelele ya watoto wawili wawili, kila mmoja anampa mwenzake lake, na katikati ya makelele hayo kijiti kikigonga, mara moja, mara mbili. Mimi mwenyewe mwaka 1955 nilipochoka na njia na kurudi kukaa, aliniandikia ubaoni: "Kaka, ulitoka kwenye juzuu ya ngapi?" Nikamwambia. Kesho yake alinipa mwalimu wa miaka minane. Hiyo juzuu nimeimaliza, na nyingine tatu baada yake, alhamdulillahi.

Uvimbe wa kooni ulirudi mwezi wa Julai mwaka huu, 1958. Amini alikuja kutoka Mokowe akataka kumpeleka hospitali tena, marehemu akaenda, akakaa wiki tatu, akaomba arudi. Alikula uji, na baadaye maji ya dafu kwa kijiko. Binti yake Kulthum hakutoka ubavuni pake. Chuo hakikufungwa hata siku moja. Mkeka wake ulisogezwa karibu na dirisha ili awasikie, na kijiti kikawa karibu na mkono wake. Wiki ya mwisho hakuweza tena kukinyanyua, akagonga kwa kidole. Watoto walijifunza kukisikia kidole.

Alitutoka Alhamisi alfajiri, Oktoba 16, 1958, mwezi pili Mfungo Saba 1378, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba kwa hesabu ya kizungu. Tulimzika siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri.

Nina jambo moja la kumalizia. Wengi mlikuwepo, lakini waliokuwa mbali hawakulisikia.

Alhamisi ile, kabla hajatolewa nyumbani, wanafunzi wake walikaa kumzunguka ndani, wakubwa na wadogo, wengine wana watoto wao sasa, wakamsomea Yasini. Sisi wanaume tulikuwa hapa nje. Maalim Abdulhalim alikuwa ameletwa kutoka Siyu na Bwana Famau, na punda yule yule, naye Maalim ameketi pale nguzoni. Tuliwasikia wakipanda vizuri, sauti zote pamoja. Tangu Ramadhani ile ya mwaka hamsini na tatu hakuna mtoto wa Chundwa aliyekohoa mahali pale. Wakafika kwenye jua na mwezi. Sauti ya Umulkheir ikasimama. Alisema baadaye ni kilio kilichomshika, na mimi namwamini. Zote zikasimama naye.

Kisha mmoja akakohoa, kikohozi kidogo. Na baada yake wote, mara moja, kwa pamoja. Wakaendelea mpaka mwisho.

Mimi nilimtazama Maalim. Nilidhani atasema kitu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamuru kitolewe. Aliinamisha kichwa, akaweka mkono kifuani. Bwana Famau akamwinamia: "Maalim, nikawakataze?"

"Waache," akasema. "Hawasomi makosa. Wanamwitikia."

Marehemu ameacha mtoto wa kiume, Amini, wa Mokowe, binti, Kulthum, wa hapa Chundwa, wajukuu sita, na mimi kaka yake. Ameacha chuo hiki, na Umulkheir amekubali kukishika, Radhiya akiwa msaidizi wake. Ndiye Radhiya aliyeipitia karatasi hii jana akanisahihisha mahali pengi. Ameacha wanafunzi ambao sikuweza kuwahesabu, kwa sababu kila niliyemhesabu aliniambia, na wa kwangu je? Kwa mazishi na hitima, jamaa wanawashukuru nyote mliofika, wa Chundwa, wa Mbwajumali, wa Siyu, na waliovuka maji.

Kesho alasiri chuo kipo kama kawaida. Nimeagizwa niwaambie.

Mola ampe mapumziko mema Bi Khairiya binti Husseini, amnawirishie kaburi lake, na ile sauti iliyomkatikia mikononi mwetu amrudishie huko aliko. Amin.